Kwa Mnaokuja Kufanya Kazi na Wanyama wa Mfuko Australia

Ndugu zangu mnaotoka Afrika Mashariki kuja kusoma au kujitolea kwenye uhifadhi wa wanyama wa mfuko, yaani wanaobeba watoto wao mfukoni tumboni kama kangaruu, huku Australia Magharibi, badilini kwanza mnavyomfikiria adui. Sisi tumekua na habari za ujangili: pembe, bunduki, doria za usiku. Huku utazunguka msitu mzima usisikie hata mlio mmoja wa risasi, na bado wanyama wanaisha. Tangu Wazungu walipohamia mwaka 1788, nchi hii imepoteza zaidi ya aina 30 za mamalia, na wengi wao walimalizwa na paka na mbweha walioletwa kwa meli. Hapo hakuna mtu wa kumkamata.

Kwa hiyo kila unapokabidhiwa mnyama, uliza: huyu anauawa na nini, na imethibitishwaje? Majibu hayafanani. Shetani wa Tasmania, mnyama wa mfuko mla nyama wa kisiwa cha Tasmania, anaangamizwa na saratani ya uso wanayoambukizana wanapong'atana, iliyoonekana mara ya kwanza mwaka 1996. Kwoli wa kaskazini, mnyama mdogo wa mfuko anayewinda, hufa kwa kumla chura mkubwa mwenye sumu, aliyeletwa Queensland mwaka 1935 ili ale wadudu wa miwa. Koala wanakatiwa mikaratusi, wanagongwa na magari, wanaugua klamidia, ugonjwa wa bakteria.

Atakayekufundisha zaidi ni woili, mnyama mdogo wa mfuko. Ana uzito wa kilo moja na ushei, anaruka kama kangaruu, hubeba nyasi za kiota kwa mkia, na usiku kucha huchimba akitafuta uyoga wa chini ya ardhi. Zamani alienea sehemu kubwa ya kusini mwa bara hili. Kufikia miaka ya 1970 alikuwa amebaki kwenye vipande vichache vya msitu. Kilichomwokoa ni sumu iitwayo 1080, inayotiwa kwenye nyama ya chambo. Sumu hiyo imo kiasili kwenye mimea ya Gastrolobium inayoota kusini-magharibi, hivyo wanyama wa hapa wameizoea vizazi na vizazi. Mbweha hana kinga hiyo. Mbweha walipopungua, woili waliongezeka, hata mwaka 1996 wakaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Kisha kati ya 1999 na 2006 idadi yao ikaporomoka kwa takriban asilimia 90. Magonjwa yalichunguzwa, lakini tuhuma kubwa ilimwangukia paka, ambaye hupenda kuwinda kilicho hai kuliko kuokota nyama iliyotupwa. Nawaombeni sana: mkisikia programu imefaulu, msiache kuhesabu.

Sasa kazi ya mikono. Vizimba vya waya hutegwa jioni kwa siagi ya karanga iliyochanganywa na oti, na hukaguliwa alfajiri. Fika kimya, bila tochi ya kumulika machoni. Woili jike akishtuka hulegeza mfuko na kumtupa mtoto nje, na kwa mnyama aliye wachache hivi, mtoto mmoja ni hasara kubwa. Ndiyo maana tunamwingiza upesi kwenye mfuko wa kitambaa kizito, tunampima bila maneno mengi, na jike mwenye mtoto hufungwa mdomo wa mfuko wake wa kubebea mtoto kwa plasta laini ya hospitali, itakayobanduka yenyewe baadaye. Ukikuta mtoto ameshatupwa ndani ya kizimba, usimfungulie mama. Mwite msimamizi. Mtu mwenye haraka ya kupiga picha mimi simruhusu asogelee vizimba.

Jifunze nyayo wiki ya kwanza. Unyayo wa paka ni wa mviringo na kwa kawaida hauachi alama ya kucha; wa mbweha umechongoka kidogo, na kucha huonekana. Mchanga wa barabara ya msituni asubuhi utakuambia nani kapita, hata kama mnyama mwenyewe hujamwona mwezi mzima.

Ukikuta kangaruu amegongwa, egesha gari mahali salama, ukague mfuko wake. Mtoto akiwa ameng'ang'ania chuchu usimvute, utamuumiza kinywa. Pigia simu watu wa uokoaji wa wanyamapori, wakuelekeze. Maziwa ya ng'ombe usimpe kabisa, yatamharisha.

Na mwenye nyumba wako akiwa na paka, zungumza naye kwa heshima juu ya kumfungia ndani. Ukianza kwa kumwambia paka wake ni muuaji, mazungumzo yamekwisha. Mimi humwonyesha kwanza picha ya woili. Wengi hawajawahi kumwona, ingawa anaishi kwenye msitu wa Dryandra, mwendo wa saa mbili tu kwa gari kutoka Perth, na wengine huuliza wenyewe anauawa na nini.