Khanga inayochuja na darizi iliyokunjamana: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yametoka pande mbalimbali, lakini kilio ni kimoja: nguo ilipendeza dukani, imeharibikia kwenye beseni. Kabla hujashika sabuni, tazama rangi imekaaje. Ipo iliyozama ndani ya uzi, kama ya khanga. Ipo iliyolala juu ya kitambaa, kama picha ya fulana. Na ipo ambayo ni uzi wenyewe, yaani darizi. Hizi tatu hazifuliwi namna moja.

Nimenunua doti ya kisutu kwa harusi ya mdogo wangu. Mama mkwe anataka niiloweke usiku kucha kwenye maji ya chumvi na siki ili isichuje. Nimsikilize? (Mama Harusi, Tanga)

Dada, mama mkwe ana haki ya kuihofia nyekundu ya kisutu, ila dawa hiyo haitasaidia. Kiwandani chumvi hutumika wakati pamba inatiwa rangi, kuusukuma wino uingie kwenye uzi. Khanga ikishafika dukani hatua hiyo imepita. Siki nayo ni ya rangi za sufu na hariri. Kinachochuja kwenye khanga mpya ni rangi ya ziada ambayo haikushika na haikusuuzwa vya kutosha. Kwa hiyo kazi yako ni kuitoa hiyo ziada, wala si kuifungia ndani.

Chukua maji baridi mengi, khanga peke yake kwenye beseni. Ichovye, izungushe, mwaga maji. Rudia mpaka maji yakaribie kuwa meupe, ndipo utie sabuni kidogo ya unga, ufue kwa viganja na kusuuza. Ule ukakamavu wa khanga mpya nao utaondoka, maana ni wanga tu. Kulowesha usiku kucha ndiko kunakoharibu zaidi: rangi iliyotoka hukaa majini saa nyingi, ikarudi kwenye sehemu nyeupe, na ile nyeupe ya kisutu ndiyo inayoibeba nyekundu na nyeusi. Ukishasuuza usiiache imekunjwa mbichi kwenye ndoo. Anika papo hapo, kivulini penye upepo, upande wa ndani ukiwa nje. Jua la pwani hupausha rangi haraka, na mimi naona khanga nyingi tunaziua kambani huku lawama tukiitupia sabuni.

Mifuo miwili mitatu inayofuata, ifue bado peke yake.

Nimechelewa. Khanga nyekundu imepaka shuka langu jeupe la kudarizi. (Msomaji, Mombasa)

Je, shuka bado ni bichi? Basi usilikaushe, na pasi isilisogelee kabisa. Lifue tena sasa hivi, peke yake, kwa sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu, ubadilishe maji mara kwa mara. Likiwa limeshakauka, tafuta dawa ya madoa ya oksijeni, isiyo na klorini, uijaribu kwanza kwenye pindo. Jiki iache kwenye kabati. Nyuzi nyingi za darizi ni za hariri ya bandia, na klorini huzipausha na kuzidhoofisha. Utapata shuka jeupe lenye maua yaliyokufa.

Fulana ya timu yetu imepasukapasuka picha, na mara moja ilinata kwenye pasi. (Kijana wa Dodoma)

Picha nyingi za fulana huchapwa kwa wino wenye plastiki. Plastiki ikikutana na joto inalainika, ndiyo maana ikanata. Igeuze ndani nje kabla ya kufua, tumia maji baridi, usiisugue kwa brashi wala kuikamua kwa kuisokota. Pasi ipite upande wa ndani, kamwe si juu ya picha. Mpasuko uliokwisha kutokea haurudi. Lakini kama picha ni ya kubandikwa na imebanduka ukingoni tu, weka karatasi ya kuokea juu yake na uibonyeze kwa pasi ya moto wa wastani. Mara nyingine inashika.

Nilidarizisha kanzu ya pamba shingoni. Baada ya kufua imekunjamana kuzunguka darizi. (Baba Said, Zanzibar)

Pamba imesinyaa, uzi wa polista haukusinyaa. Kanzu ikiwa na unyevu, ilaze kifudifudi juu ya taulo nene, vuta kitambaa taratibu kwa vidole kuzunguka darizi, kisha piga pasi kwa nyuma. Taulo linaipa darizi nafasi ya kuzama, isilaliwe ikawa bapa. Itanyooka kwa kiasi kikubwa, pengine si yote. Safari ijayo fua kitambaa na ukikaushe kabla hakijaenda kwa fundi. Mafundi wazuri wenyewe hudai hivyo.

Kofia yangu ya mkono imelegea na ukingo umeshika jasho. Nimpe dobi? (Msomaji, Lamu)

Ukimwamini, mpe, ila mwambie asiipige brashi. Ukitaka kuifua mwenyewe, iloweke kwa muda mfupi kwenye maji vuguvugu ya sabuni laini. Ukingo wa ndani upitishe mswaki mlaini wenye tone la sabuni ya vyombo. Suuza, bonyeza maji yatoke bila kuisokota. Kisha koroga kijiko kimoja cha wanga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka iwe kama uji mwepesi. Ikipoa, chovya kofia, futa uji uliozidi, hasa kwenye vitobo, maana ukikaukia humo unaziba. Ivike juu ya bakuli la plastiki lenye ukubwa wa kichwa chako, uinyooshe kwa vidole na uiache hapo mpaka ikauke kabisa.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, nguo zinabaki na utando mweupe. (Mama wa Kigamboni)

Sabuni ya mche haielewani na maji hayo. Ndiyo inayoacha utando. Tumia sabuni ya unga, na maji ya mvua ukiyapata yawe ya suuzo la mwisho. Hapa ndipo siki ina kazi: vijiko viwili kwenye ndoo ya kusuuzia huondoa utando huo.