Muulize Mama Daktari: Nataka kuingia kwenye vita ya tumbaku, naanzia wapi?

SWALI: Shikamoo Mama Daktari. Mimi ni daktari kijana, nina mwaka wa tatu kazini, nipo hospitali moja huku mkoa wa Tabora. Wodini kwangu wiki haiishi bila mzee wa kifua, mwingine TB mwingine mapafu yameshachoka kabisa, ukimuuliza anakwambia fegi alianza akiwa na miaka 13 au 14. Nimechoka kutibu huyu huku namsubiri mwenzie. Nasikia kuna asasi za afya zinapigania sheria ya tumbaku nami nataka kuingia, ila vitu viwili vinanikwaza. Kwanza mimi ni mtumishi wa serikali, sijui naruhusiwa kusema mpaka wapi. Pili huku kwetu tumbaku ndio ada ya shule, hata baba mkwe wangu ana mabani mawili ya kukaushia majani. Si nitaonekana msaliti?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imenigusa maana umenikumbusha mzee mmoja fundi cherehani niliyemhudumia nikiwa na umri kama wako. Alikuwa analala ameketi, mikono kaikaza kwenye magoti, midomo kaibana kama anapuliza mshumaa, na vile vidole viwili vya kushikia sigara vimegeuka manjano mpaka kwenye kucha. Mkewe alikuwa analeta uji kwenye chupa ya chai, mzee anakunywa kijiko kimoja anapumzika, kijiko kimoja anapumzika, uji unapoa. Alipofariki nikaandika ugonjwa sugu wa mapafu, nikasaini, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Kwenye faili lote lile neno sigara halikuwepo hata mara moja, yaani kwa hesabu za nchi yule mzee tumbaku haikumgusa. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo anza hapo hapo wodini, kabla hata hujatafuta asasi. Kila mgonjwa muulize, unavuta au unatumia ugoro, kiasi gani kwa siku, tangu lini, na nyumbani nani mwingine anavuta, uandike. Mwambie pia aache, dakika tatu tu zinatosha, wapo wanaoacha kwa sababu daktari alisema. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima Tanzania wanatumia tumbaku, kama watu milioni 2.6 hivi, sasa mbunge akisikia asilimia 8.7 anaona ni kidogo tu anageuza ukurasa. Ila ukimwambia kwenye wodi yangu ya vitanda kadhaa mwezi uliopita hawa wangapi walikuwa wavutaji, na mmoja alikuwa dereva wa bodaboda wa miaka 41, hapo anaweka simu chini. (Jina la mgonjwa hulitaji kamwe, na kisa chake hukisemi bila ridhaa yake au ya ndugu zake.)

Sasa asasi. Usianzishe ya kwako tafadhali, vijana wengi wanakosea hapo, wanapoteza miaka miwili kwenye usajili na nembo. Zipo tayari. Kuna Tanzania Tobacco Control Forum, wengi tunaiita TTCF, hawa ishu yao ni tumbaku moja kwa moja, na kuna TANCDA ambao ni muungano wa magonjwa yasiyoambukiza. Hawa watu sheria wanaijua kifungu kwa kifungu, wanajua mswada upo meza gani. Wanachokosa mara nyingi ni daktari wa kukaa nao siku ile upande wa pili, yaani kampuni za sigara, unapoleta mtaalamu wake. Wewe ukiingia na faili zako unajaza kiti hicho.

Na jambo lenyewe lipo mezani. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya 2003, mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku nchi yetu imeuridhia 2007, sheria imetangulia mkataba, ndio maana wanaharakati wamekuwa wakidai mpya. Jirani zetu Uganda, aliyepeleka mswada bungeni kama mbunge binafsi ni daktari, Dk. Chris Baryomunsi, ukapita 2015, kampuni ya sigara ikaenda mahakamani ikashindwa 2019. Kenya nao kanuni zao za 2014 zilipingwa kortini tangu 2015 mpaka Mahakama ya Juu ilipomaliza kesi Novemba 2019. Zaidi ya miaka minne mwanangu, kwa hiyo jipange, hii kazi sio ya semina moja na fulana.

Kitu kimoja cha karibu ni kodi. Kila mwaka kabla bajeti haijapitishwa mwezi wa sita, Kamati ya Bajeti kule Dodoma inapokea maoni ya wadau. Inajulikana kwamba bei ikipanda asilimia 10, kwenye nchi kama zetu uvutaji unashuka kama asilimia 5, na wanaoshuka zaidi ni vijana na wenye kipato kidogo. We nenda dukani kwa mangi uangalie, sigara zipo kwenye kopo karibu na pipi, kiberiti cha gesi kimefungwa kamba dirishani, mtoto anatoa sarafu anapewa moja anawasha hapo hapo. Huyo mtoto bei ikipanda anarudisha sarafu mfukoni. Asasi zinaandika maoni hayo, waombe ukurasa mmoja uandike wewe.

Kuhusu utumishi, usiongee kwa jina la hospitali bila ruhusa, hilo litakuponza. Ongea kupitia Chama cha Madaktari, MAT, au kama mjumbe wa asasi, na mkuu wako wa kazi mwambie mapema asikukute gazetini. Na hela ya kampuni za tumbaku usiiguse, iwe ya semina, ya kisima, ya jengo la wodi. Ukishapiga picha na hundi ile huna tena cha kusema Dodoma.

Baba mkwe wako sasa. Hapa naomba unisikie vizuri. Hatupigani na mkulima. Mkulima ni mgonjwa wetu pia, yule anayevuna majani yenye umande nikotini inapita kwenye ngozi, usiku anatapika na kichwa kinamuuma na anadhani ni malaria. Umeshawahi kumuuliza mgonjwa wa namna hiyo kama leo alikuwa shambani? Muulize. Na watoto wanaofunga majani kwenye fito waulize pia. Kaa na mzee pale kwenye bani, muulize kuni za msimu amezitoa umbali gani na baada ya kukatwa mkopo wa mbolea amebaki na shilingi ngapi, afu hayo ndio uyapeleke kwa asasi, maana mkataba ule ule unataka wakulima wasaidiwe kupata zao lingine. Ukiongea hivyo atakayekuita msaliti sio mkulima.

SWALI: Mama Daktari, mimi pia ni daktari, nipo Dar, lakini navuta. Nina haki ya kusimama na hao watu wanaopigania sheria ya tumbaku?

JIBU: Unayo. Richard Doll, daktari wa Uingereza aliyeonyesha na mwenzake Bradford Hill mwaka 1950 kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu, alikuwa mvutaji, matokeo yalipomjia akaacha. Mwaka uliofuata wakawaandikia madaktari wote wa Uingereza, kama 40,000 wakajibu, na wengi wao waliacha kabla ya wananchi wengine. Chagua tarehe ndani ya wiki mbili hizi, mwambie mwenzio wa zamu, ulizia famasi vibandiko vya nikotini au dawa ya kupunguza hamu. Ukirudia usikate tamaa, panga tarehe nyingine. Asasini waambie ukweli wako siku ya kwanza, watakuhitaji kwa wagonjwa wanaohangaika kama wewe.