Jibu: Kuzuia pikipiki barabara za kasi ni halali?
Ndugu, umeuliza kama serikali inaweza kuzuia pikipiki kwenye barabara za kasi kwa hoja ya usalama tu. Ufilipino waligombania suala hilo hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2006, katika kesi ya Mirasol, majaji walisema katazo la 1968 la pikipiki kwenye barabara hizo ni halali: haki ya kusafiri unayo, ila haikupi haki ya kuchagua chombo chochote utakacho kwenye barabara ya kulipia. Wala hawakudai ushahidi wa kisayansi. Kwamba magurudumu manne yanatulia kuliko mawili, waliona kila mtu anajua. (Mwendesha pikipiki mimi, hapo nilikunja uso.) Lakini amri za baadaye za wizara ya ujenzi zilitupwa, maana mamlaka ya kutoa amri kama hizo yalishahamia wizara ya uchukuzi. Kwa hiyo katazo lenu, angalia kwanza nani kalisaini.