Re: Kosa ni la meneja au la timu?
Mkuu, umeuliza kama Pedro Grifol, meneja (yaani kocha mkuu) wa timu ya besiboli ya Chicago White Sox, alistahili kuzomewa vile timu ilipopoteza mechi 121 mwaka 2024. Alistahili kiasi. Alitimuliwa Agosti akiwa na ushindi 28 na vipigo 89, siku mbili tu baada ya kukatika mkosi wa vipigo 21 mfululizo. Lakini Grady Sizemore aliyeshika nafasi yake alishinda 13, akapoteza 32. Dereva mpya, gari bovu lile lile! Meneja hasajili, aliyempeleka mrushaji mpira wao tegemeo, Dylan Cease, kwenye timu ya San Diego kabla ya msimu ni uongozi.

Ukitaka kumcheka meneja kwa haki, mwangalie kuanzia inningi (kipindi cha mchezo) ya tano au ya sita kati ya tisa. Mrushaji aliyeanza anakutana na wapigaji wale wale mara ya tatu, wameshamsoma. Je, kuna mrushaji wa akiba pembeni anapasha mkono? Meneja akichelewa kumbadilisha, mpira unapigwa hadi unavuka ukuta wa uwanja na wapinzani wanapata pointi. Na tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabili wapigaji watatu au amalize inningi, isipokuwa akiumia, kwa hiyo ukichagua vibaya huwezi kumtoa haraka.