Lupita Nyong'o hakuibuka usiku mmoja

Dada, umeuliza kama ni kweli mwigizaji Lupita alipata tuzo ya Oscar kwa bahati tu, maana 12 Years a Slave ilikuwa filamu yake ya kwanza kubwa. Hapana. Alikuwa amehangaika miaka mingi kabla ya hapo.

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, akifundisha huko. Walirudi Kenya angali mchanga, akakulia Nairobi. Akiwa na miaka 14 tu alicheza Juliet jukwaani na kikundi cha Phoenix Players.

Baadaye akasoma Hampshire College, Marekani. Na hapa ndipo panaponigusa zaidi: filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, yeye alikuwa kibarua nyuma ya kamera, kazi ya kutumwa huku na kule. Ralph Fiennes, nyota wa filamu hiyo, alipomuuliza anataka kufanya nini maishani, alimjibu kwa kusitasita kwamba anataka kuigiza. Fiennes akamwambia aingie humo ikiwa tu hawezi kuishi bila uigizaji.

Mwaka 2009 akatoa In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino Kenya, na akaonekana kwenye tamthilia ya televisheni ya Shuga. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kusomea uigizaji, akamaliza 2012.

Tazama tena 12 Years a Slave, pale Patsey, mtumwa anayeigizwa na Lupita, anaporudi ameshika kipande cha sabuni, akieleza kwa nini alikwenda kukitafuta. Uso ule, sauti ile! Oscar aliichukua Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31.