Askofu aliyemkatalia mfalme, kisha akalikatalia Bunge

Wiki hii mmeuliza: je, mtu anayeamini kwamba mfalme amewekwa na Mungu anaweza kumpinga na bado akahesabiwa mtiifu? Mimi nasema anaweza, na shahidi wangu ni William Sancroft, Askofu Mkuu wa Canterbury, yaani askofu wa juu kabisa wa Kanisa la Anglikana, aliyemvika taji James wa Pili wa Uingereza mwaka 1685.

Wahafidhina wa enzi hizo, walioitwa Tory, walishika imani moja nzito: mfalme hapigwi vita hata akikosea. Akiamuru ovu, raia anakataa kulitenda, kisha anapokea adhabu yake. Mei 1688 wakajaribiwa. James aliagiza makanisa yasome tamko lake la kusimamisha, kwa amri yake peke yake, sheria zilizowabana Wakatoliki na Waprotestanti walio nje ya Kanisa la Anglikana. Uhuru wa kuabudu ni jambo jema, na maaskofu wale hawakuwa watetezi wake wakubwa. Lakini sheria iliyotungwa na Bunge, mtu mmoja aisimamishe kwa kauli yake? Hapo Sancroft alikataa. Aliandika ombi kwa mkono wake, na maaskofu wenzake sita wakatia saini na kulipeleka kwa mfalme usiku. Wote saba wakafungwa katika Mnara wa London. Walipokuwa wakipelekwa kwa mashua, watu walipiga magoti kando ya mto Thames wakiomba baraka zao. Kesi ilipokwisha kusikilizwa, raia 12 waliopewa kazi ya kuamua walikesha wakibishana, kwa kuwa mmoja wao alikuwa akiitengenezea bia ikulu na hakutaka kulegea. Asubuhi ya Juni 30 maaskofu waliachiwa huru.

Kabla mwaka haujaisha, William wa Orange, mtawala wa Kiholanzi na mkwe wa James, alikuwa ameingia na jeshi na James amekimbia. Sasa Tory wengi walitaka James abaki mfalme kwa jina, mwingine atawale kwa niaba yake. Januari 1689 hoja hiyo ilianguka katika Baraza la Malodi, chumba cha juu cha Bunge, kwa kura 51 dhidi ya 49. Sancroft aliiafiki, lakini hakutia mguu barazani. Hilo namlaumu nalo hadi leo. Askofu wa juu kabisa anakaa nyumbani siku kama ile! Kiapo chake cha utii kwa James, alichokithamini kiasi hicho, alipaswa kukisemea mbele ya malodi waliopiga kura.

Baadaye Bunge lilimpa ufalme William pamoja na mkewe Mary, binti wa James. Sancroft alikataa kuwaapia, akavuliwa cheo mwaka 1690. Wanne kati ya wale wenzake sita nao walikataa. Wakati huohuo sheria ya Bunge iitwayo Hati ya Haki ya 1689 ilipiga marufuku mfalme kusimamisha sheria bila idhini ya Bunge, tena ikaharamisha kumfunga au kumshtaki raia kwa sababu ya kumpelekea mfalme ombi. Kifungu hicho cha pili kimezaliwa na kesi ya wale saba. Basi wanaosema wahafidhina wa wakati ule walikuwa vibaraka wa mfalme watueleze ni kibaraka gani anayefungwa na mfalme wake, halafu anapoteza kazi kwa kukataa kumsaliti.