Laptopu nzito inayojizima: anza na joto, si virusi
Unajiuliza kama kuifomati laptopu ya namna hii, yaani kufuta kila kitu na kusakinisha Windows upya, kutasaidia? Hapana, hakutasaidia. Laptopu inayokuwa nzito, yaani inafanya kazi polepole, baada ya dakika kadhaa kisha ikajizima ghafla bila ujumbe wowote, mara nyingi imezidiwa na joto. Prosesa (chipu kuu inayoendesha kompyuta) nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe, na huo ndio uzito unaouona; joto likiendelea kupanda, mashine hukata umeme ili isiungue.

Zima, chomoa chaja, toa betri, fungua kifuniko cha chini, kisha upulize vumbi kwenye feni na kwenye matundu ya kutolea hewa. Shikilia mapanga ya feni yasizunguke unapopuliza, maana yakizunguka kasi yanaharibika. Kama pasta ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka, ifute kwa spiriti na uweke mpya, tone dogo tu. Ukijaza nyingi itavuja pembeni bila faida.

Ikiwa inakutolea skrini ya bluu kabla ya kuzima, hapo shuku RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au diski. Bonyeza Windows + R, andika mdsched.exe (kipimo cha RAM cha Windows), uiache ijipime. Ikionyesha kosa na una vipande viwili vya RAM, jaribu kimoja kimoja ujue kibovu ni kipi.

Ila diski ya kuzunguka ikianza kugonga-gonga, tafadhali usikimbilie chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski: inailazimisha kusoma sana na inaweza kuimalizia. Nakili kwanza faili zako kwingine.